Tope la Gucha na meli za 1914: Historia ya Kisii iliyo chini ya Ziwa Victoria

MKAZI wa Keroka, Nyamira au Ogembo anaweza kuishi miaka mingi bila kuliona Ziwa Victoria. Nchi yake ni ya vilima, migomba na majani chai, na maji anayoyafahamu ni ya chemchemi na mito inayoteremka kwa kasi kuelekea magharibi.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya historia ya karne iliyopita ya wilaya hiyo ya zamani ya Kisii, ambayo Nyamira ilimegwa kutoka kwayo mwaka 1989, ilipitia ziwani. Watawala wa kikoloni walitumia njia hiyo, askari waliopigana mjini Kisii mwaka 1914 walivushwa kwa meli, na mazao ya kwanza ya biashara yalisafirishwa kupitia bandari ndogo za Kendu, Homa Bay na Karungu.

Kwa sababu hiyo, elimu inayochunguza mabaki ya vyombo na vitu vilivyozama, yaani akiolojia ya chini ya maji, si jambo la watu wa pwani peke yao. Inawahusu pia watu wa milimani, na kwa njia mbili: historia yao imelala huko chini, na udongo wa mashamba yao ndio unaozidi kuifunika.

Njia ya Kisii ilipita majini

Reli ya Uganda iliwasili katika ufuo wa ziwa mwishoni mwa mwaka 1901, mahali palipoitwa Port Florence na ambapo leo ni Kisumu. Mwaka mmoja kabla ya hapo, meli ya William Mackinnon, iliyojengwa Uskochi na kusafirishwa vipande vipande hadi bara, ilikuwa imekwisha kuunganishwa na kuteremshwa majini.

Zikafuata Winifred na Sybil, kisha Clement Hill na Nyanza mwaka 1907. Vyombo hivi vyote vilitoka Uskochi vikiwa vimefunguliwa, vikafungwa upya Kisumu, na vikawa ndivyo barabara kuu ya eneo zima la ziwa.

Kusini mwa Ghuba ya Winam, serikali ya kikoloni iliweka kituo chake cha kwanza Karungu, kwenye ufuo. Mwaka 1907 makao ya utawala yalihamishwa hadi Getembe, mahali ambapo baadaye palijulikana kama Kisii. Ofisa wa kwanza kutawala hapo alikuwa Northcote, yule aliyechomwa mkuki na Otenyo Nyamaterere mwezi Januari 1908, tukio lililofuatwa na msafara wa kijeshi wa kuwaadhibu Abagusii.

Ingawa ofisi zilipanda mlimani, mizigo haikuacha kupita ziwani. Sanduku la barua, gunia la chumvi, bati la nyumba na risasi za bunduki vilishushwa gatini, kisha vikapandishwa milimani kwa vichwa na migongo ya wapagazi.

Septemba 1914

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwezi Agosti 1914, mpaka kati ya himaya ya Waingereza na ile ya Wajerumani ulipita katikati ya ziwa. Waingereza walikuwa na meli nyingi zaidi, lakini nyingi kati ya hizo hazikuwa na mizinga. Wajerumani walikuwa na chombo kidogo cha kukokota mashua kilichoitwa Muansa, nacho walikifunga silaha.

Mwezi Septemba kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Kapteni Bock von Wülfingen kilivuka mpaka kwa miguu na kuelekea Kisii. Tarehe 11 kiliingia mjini bila upinzani wowote wa maana, kwa kuwa maofisa wa serikali walikuwa wameondoka.

Waingereza walijibu kwa kutumia ziwa. Askari wa King's African Rifles, kikosi ambacho wenyeji walikiita Keya, walivushwa kwa meli kutoka Kisumu hadi Kendu, wakapanda milima na kushambulia tarehe 12. Kamanda wao, Kapteni Thorneycroft, aliuawa katika mapigano hayo. Wajerumani nao walipata hasara kubwa wakaanza kurudi nyuma kuelekea mpakani.

Siku iyo hiyo, Winifred ilikwenda Karungu ikiwa na wanajeshi. Huko iliikuta Muansa. Kwa vile haikuwa na silaha ya kupambana nayo, Winifred ililazimika kugeuza. Siku chache baadaye ilirejea pamoja na Kavirondo, chombo kilichokuwa kimefungwa mzinga, na Muansa ikaondoka.

Kwa watu wa Kisii, vita hivyo havikuishia hapo. Wenyeji waliona serikali imekimbia, wakayapora maduka na ofisi mjini pamoja na misheni ya Nyabururu. Serikali iliporejea ililipiza kisasi kwa kutwaa mifugo na kuwakamata vijana kwa kazi za lazima. Wengi walipelekwa katika kikosi cha wapagazi cha Kariakoo, ambamo maelfu ya Waafrika walikufa kwa maradhi na njaa.

Ni katika kipindi hicho pia ambapo imani ya Mumbo ilienea miongoni mwa Abagusii. Ilianzia Alego mwaka 1913 kwa Onyango Dunde, aliyesema kwamba alimezwa na nyoka mkubwa aliyetoka ziwani, akatapikwa na kupewa ujumbe kwamba Wazungu wangetoweka. Kwa waliouona mji wa Kisii ukiachwa mtupu mwaka 1914, ujumbe huo haukuwa ndoto. Serikali iliwakamata viongozi wa imani hiyo na kuwahamishia mbali na kwao.

Ukerewe na Majita

Baada ya Kisii, mapambano ya majini yalihamia kusini, katika maji yanayokizunguka kisiwa cha Ukerewe, ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria na ambacho wakati huo kilikuwa chini ya Wajerumani.

Mwezi Novemba 1914, Sybil iligonga mwamba karibu na Majita, upande wa mashariki wa Ukerewe, ikapandishwa ufuoni ili isizame. Waingereza waliiacha huko kwenye ardhi ya adui kwa miezi kadhaa. Mwezi Mei 1915 walituma kikosi maalumu, wakaulinda ufuo huku mafundi wakiziba matundu, kisha wakaielea tena na kuirudisha Kisumu.

Kabla ya hapo, mwezi Machi 1915, Winifred iliibana Muansa katika mlango wa Rugezi, ule mkondo mwembamba unaotenganisha Ukerewe na bara. Muansa iliharibiwa ikakwama ufuoni, ingawa Wajerumani waliweza kuiondoa baadaye. Mwezi Juni 1916 Waingereza waliteka Ukerewe, na mwezi uliofuata wakaingia Mwanza. Wajerumani waliizamisha Muansa wenyewe ili isitwaliwe, nao washindi wakaiinua kutoka majini.

Jambo kama hilo lilitokea katika Ziwa Tanganyika. Meli ya Graf von Götzen ilizamishwa na Wajerumani mwezi Julai 1916, ikainuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarejea kazini kwa jina la Liemba.

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa meli hizo ziliinuliwa, kuna nini tena cha kutafuta? Jibu ni kwamba mwili wa meli ni sehemu moja tu ya ushahidi. Meli inapogonga mwamba au kupigwa mzinga, huacha nyuma mabamba ya chuma, misumari, makaa ya mawe, minyororo, nanga, maganda ya risasi, vyombo vya jikoni na mali za mabaharia. Aidha, mahali ilipopandishwa ufuoni huachwa mabaki ya kambi, vifaa vya mafundi na pengine makaburi.

Vitu hivyo huweza kueleza yale ambayo ripoti za maofisa hazikuyaandika. Ripoti zina majina ya manahodha. Hazina majina ya wachochea moto, wapakiaji makaa na mabaharia Waafrika waliokuwa ndani ya vyombo hivyo, wala hazisemi walikula nini na walilala wapi.

Kazi inavyofanywa

Akiolojia ya chini ya maji si kuzamia na kuokota. Kazi huanzia maktabani na kwa wazee. Mtafiti husoma kumbukumbu za meli, ramani za kale na barua za maofisa, kisha huwauliza wavuvi ni wapi nyavu zao hukwama. Mara nyingi wavuvi huwa wamelijua jabali la chuma chini ya maji kabla ya mtaalamu yeyote kufika.

Hatua ya pili ni upimaji. Mashua hukokota chombo cha sona, ambacho hutuma mawimbi ya sauti na kuchora sura ya sakafu ya ziwa. Chombo kingine, magnetomita, hugundua chuma hata kikiwa kimefunikwa na tope. Palipo na dalili, wapiga mbizi huteremka, hupima, huchora na kupiga picha.

Kuchimba ni hatua ya mwisho, na mara nyingi huepukwa. Kitu kilichokaa majini miaka mia moja huwa kimezoea mazingira yake, na kikitolewa bila matayarisho huharibika upesi. Mbao hukauka na kupasuka, na chuma humeguka vipande. Meli ya Vasa ya Sweden, iliyozama mwaka 1628 na kuinuliwa mwaka 1961, ilinyunyiziwa dawa ya kuhifadhi mbao kwa miaka 17.

Mfano wa Mombasa

Kenya si ngeni katika kazi hii. Chini ya kuta za Fort Jesus, katika kisiwa cha Mombasa, kuna mabaki ya Santo António de Tanná, merikebu ya kivita ya Wareno iliyozama mwaka 1697 wakati ngome hiyo ilipokuwa imezingirwa na Waarabu wa Oman. Mzingiro huo ulianza mwaka 1696 na kumalizika mwaka 1698 kwa Wareno kushindwa.

Kati ya mwaka 1977 na 1980, Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yalishirikiana na Taasisi ya Akiolojia ya Majini ya Marekani kuichimba. Kazi iliongozwa na Robin Piercy. Maelfu ya vitu vilitolewa, miongoni mwake mizinga, vyombo vya kauri na vifaa vya mabaharia, na vingine vimewekwa katika makavazi yaliyomo ndani ya ngome. Mwili wa merikebu yenyewe uliachwa pale pale chini ya bahari.

Baadaye, kaskazini mwa Malindi, uchunguzi ulifanywa huko Ngomeni katika mabaki ya meli nyingine inayohusishwa na Wareno wa karne ya 16. Makavazi ya Kitaifa tayari yalikuwa na mtaalamu wake wa akiolojia ya majini, Caesar Bita.

Kazi hizo kubwa zote zimefanywa baharini. Upande wa ziwa, visiwa vya Kenya vimejipatia sifa kwa yale yaliyo nchi kavu: Rusinga kwa fuvu la Proconsul lililopatikana na Mary Leakey mwaka 1948, na Mfangano kwa michoro yake ya kale katika miamba.

Ziwa linahifadhi, ziwa linaficha

Maji yasiyo na chumvi yana faida yake. Baharini, viumbe wanaotoboa mbao huweza kuitafuna meli ikaisha katika muda mfupi. Ziwani viumbe hao hawapo, na chuma nacho huoza polepole zaidi kuliko katika maji ya chumvi.

Mfano mzuri uko Amerika Kaskazini. Meli mbili za kivita, Hamilton na Scourge, zilizama usiku mmoja mwezi Agosti 1813 katika Ziwa Ontario. Zilipopatikana mwaka 1973 zilikuwa zimesimama wima chini ya maji, milingoti na mizinga ikiwa mahali pake.

Lakini Ziwa Victoria si Ontario. Eneo lake ni kilomita 68,800 za mraba hivi, lakini kina chake kikubwa kabisa ni mita 80 hivi tu, na ghuba zake nyingi ni za maji mafupi. Mawimbi huvuruga sakafu, mwani hugeuza maji kuwa ya kijani, na tangu miaka ya 1990 gugumaji limekuwa likifunika ghuba kwa vipindi. Mpiga mbizi katika Ghuba ya Winam huenda asiuone mkono wake mwenyewe. Kuna kichocho, viboko na mamba pia.

Zaidi ya yote, kuna tope. Hapa ndipo milima ya Kisii na Nyamira inapoingia katika habari hii kwa mara ya pili.

Mto Gucha huanzia katika vilima vya Kiabonyoru huko Nyamira, hupita Kisii, na huko chini hujulikana kama Kuja. Huungana na mto Migori, kisha huingia ziwani kupitia nyanda za Nyatike, kusini mwa Karungu. Ni katika maji ya Karungu ambako Winifred na Muansa zilikutana mwaka 1914.

Milima hiyo ina watu wengi na mashamba madogo yanayolimwa hadi kwenye miteremko mikali na kingo za mito. Kila msimu wa mvua, udongo mwekundu hubebwa na Gucha hadi Nyatike, ambako mafuriko huuacha sehemu yake mashambani na sehemu nyingine huishia ziwani.

Kwa mwanaakiolojia, tope ni rafiki na ni adui. Likikifunika kitu upesi, hukikinga na hewa, mawimbi na mikono ya watu. Likizidi, hukizika mahali ambapo sona haioni, na kukipata huhitaji vyombo vya gharama kubwa zaidi. Kwa mkulima wa Nyamira habari ni mbaya kwa kila namna: udongo unaozika historia yake ndio ule ule uliopaswa kumpa chakula.

Zaidi ya meli za chuma

Ingekuwa kosa kudhani kwamba historia ya ziwa ilianza na meli za mvuke. Karne nyingi kabla ya hapo, watu wa visiwa vya Ssese na Buganda walijenga mitumbwi mikubwa ya mbao zilizoshonwa kwa kamba za miti, na Wajaluo na Wasuba walivuka ghuba kwa vyombo vyao. Kwa njia hizo samaki, chumvi na vyungu vilifika sokoni, na nafaka, hasa wimbi la Abagusii, ikateremka kutoka milimani.

Mtumbwi uliozama topeni unaweza kudumu muda mrefu ajabu. Huko Dufuna, Nigeria, mtu aliyekuwa akichimba kisima mwaka 1987 alikuta mtumbwi ambao wataalamu waliukadiria kuwa na umri wa miaka 8,000 hivi.

Kandokando ya mto Kuja wenyewe, katika maporomoko ya Gogo, uchimbaji wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba wavuvi na wawindaji waliotumia vyungu vya aina ya Kansyore waliishi hapo maelfu ya miaka iliyopita, na baada yao wafugaji. Aidha, wanasayansi wamebaini kutokana na matope ya sakafuni kwamba ziwa lilikauka zaidi ya miaka 15,000 iliyopita kabla ya kujaa upya. Maana yake ni kwamba sakafu ya leo iliwahi kuwa nchi kavu.

Makaburi yasiyo na misalaba

Si kila kilichozama ni cha kuchunguzwa kwa shauku. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuua mamia ya abiria. Mwezi Mei 2005, meli ya mizigo ya Kabalega ya Uganda ilizama baada ya kugongana na Kaawa. Septemba 2018, kivuko cha Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, jirani na Ukerewe, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha.

Mahali kama hapo ni makaburi, na jamaa za marehemu wangali hai. Kanuni za taaluma hii zinataka mabaki ya wanadamu yaheshimiwe, yawe ya juzi au ya mwaka 1914.

Sheria inasemaje

Nchini Kenya, mambo ya kale husimamiwa na Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006. Chini ya sheria hiyo, mtu hawezi kuchimba au kutafuta vitu vya kale bila leseni. Anayekipata kitu cha namna hiyo anatakiwa kutoa taarifa.

Kimataifa kuna Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 kuhusu turathi zilizo chini ya maji, ulioanza kutumika mwaka 2009. Unahusu mabaki yaliyokaa majini kwa angalau miaka 100, unataka yahifadhiwe mahali yalipo kama chaguo la kwanza, na unakataza yauzwe. Ingawa uliandikwa kwa ajili ya bahari, unaruhusu nchi kutangaza kwamba kanuni zake zitatumika pia katika maji ya bara.

Mabaki ya vita vya 1914 hadi 1916 yamekwisha kuvuka umri huo wa miaka 100. Adui yao mkubwa sasa si mzinga bali ni biashara ya vyuma chakavu, kwani kipande cha meli kinachotolewa majini na kuuzwa kwa kilo hakirudi tena.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kwa Kisii na Nyamira, kuinama huko hakuanzi kwa kupiga mbizi. Kunaanza kwa kuandika masimulizi ya familia kuhusu vita vya Getembe na Kariakoo kabla wanaoyakumbuka hawajaondoka, kwa kuhifadhi barua na picha zilizomo masandukuni, na kwa kuwafundisha wanafunzi kwamba mji wao uliwahi kupiganiwa kwa meli. Kunaanza pia kwa kupanda nyasi na miti kandokando ya Gucha, ili udongo ubaki shambani na ziwa libaki na kina chake.